Wakuu mnaozunguka mjini na baiskeli bila safari maalum, njia mnachaguaje?

MzungukoWaJioni

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba kuuliza jambo ambalo nyumbani hawanielewi kabisa. Kulikuwa na baiskeli imekaa stoo miaka, nikaitoa, nikaifuta vumbi, nikaijaza upepo, nikaanza kuipanda jioni nikitoka kazini. Siendi popote. Natoka tu, nakata kona pale roho inapotaka, giza likianza kuingia narudi. Mtu akiniuliza unaenda wapi nakosa jibu, nikisema "nazunguka" naangaliwa kama kuna jambo nalificha.

Sasa kinachonishangaza, huu mji ndo nimezaliwa na nimekulia humu humu, kumbe nilikuwa naujua kwa vituo vya basi tu, yaani katikati ya kituo na kituo kichwani mwangu palikuwa patupu. Juzi ndo nimejua mitaa miwili ambayo siku zote naihesabu iko mbalimbali kabisa kumbe imepeana mgongo, kuna kichochoro kinachotosha mtu na baiskeli yake basi. Halafu kuna bibi anakaa nje ya nyumba na kiti chake, nikienda namkuta upande huu wa njia, nikirudi kashahamia upande wa pili, kiti kinafuata kivuli, na siku hizi mkono anauinua yeye kabla mi sijasalimia.

Swali langu ni hili, nyie wenzangu mnaofanya hivi njia mnaichaguaje, mnapanga au mnajiendea? Na kuna jamaa ananisisitiza niweke apu ya kupima umbali na spidi, eti bila hivyo napoteza muda, ni kweli? La mwisho samahani ni la ufundi, goti linauma kwa mbele nikirudi na cheni inalia kwi kwi kwi mtaa mzima unajua napita. Karibuni.

KilomitaKwanza

Mkuu weka apu, usiogope. Watu wanadhani apu ni ya mashindano tu, mi spidi hata siiangalii. Ninachopenda ni ramani. Kila njia uliyopita inabaki mstari, sasa ukikaa baada ya muda ukaifungua unaona mji wako umechorwa wewe mwenyewe, na unaona mapengo, kuna mtaa uko nyuma ya nyumba yako kabisa na hujawahi kukanyaga. Mi nachagua njia hivyo, nafungua ramani natafuta paliko peupe naenda kupajaza. Kuna watu duniani wameshamaliza mitaa yote ya miji yao kwa mtindo huu na wengine wanachora kabisa picha za wanyama kwa njia wanazopita.

Ushauri mmoja tu, zima sauti. Kile kisauti cha kukwambia wastani wako kila baada ya kilomita kinaua starehe yote.

BiMwendopole

Mzunguko karibu sana, umenifurahisha na huyo bibi wa kiti.

Mi nitampinga kidogo kaka Kilomita, sio kwa ubaya. Kutafuta njia mpya kila siku ni kuzuri mwanzoni, ila kwa maoni yangu raha yenyewe inaanza ukichagua njia MOJA ukairudia, na uirudie saa tofauti. Asubuhi na mapema njia hiyohiyo ni mji mwingine kabisa, taa za barabarani zinabadilika nyekundu kijani nyekundu na hakuna hata gari moja la kuziheshimu. Mchana ni ya wanafunzi. Jioni ni ya watu waliokaa nje. Ukipita mara moja unaona majengo, ukirudia unaanza kuona watu, maana mtu huwezi kumjua kwa kumpita mara moja.

Nikupe mfano. Kwenye njia yangu kuna mzee anamwagilia bustani yake kwa mpira wa maji, na bustani iko ukingoni kabisa mwa barabara kiasi kwamba maji yanarukia njiani. Akisikia kengele yangu anaukunja mpira kwa mkono mmoja, maji yanakatika, napita, nikishavuka nasikia shaaa ameachia. Hatujawahi kuongea hata neno. Siku niliyosahau kupiga kengele aliukunja vilevile, kumbe anajua saa yangu.

Sasa hiyo ukiwa kwenye gari huipati, madirisha yamefungwa na spidi ni kubwa. Kwa miguu unaipata, ila unaipata mtaani kwako tu. Piga hesabu, mtu akitembea anakwenda kama kilomita 5 kwa saa, baiskeli ya polepole kabisa inakwenda 15. Ukiwa na saa moja ya kwenda na kurudi, kwa miguu unafika kilomita mbili na nusu kutoka nyumbani, kwa baiskeli saba na nusu. Umbali ni mara tatu ila eneo lililo ndani ya duara hilo ni mara TISA. Yaani baiskeli inakupa miji tisa ya mtembea kwa miguu na bado spidi yako ni ya kumsikia mtu akikusalimia.

Na upepo mkuu. Ukitoka, anza na upepo usoni, rudi nao mgongoni. Ukifanya kinyume utajiona shujaa wakati wa kwenda na utalia wakati wa kurudi. Halafu ujue ukienda 15 kwa saa siku isiyo na upepo, upepo unautengeneza mwenyewe, ndo maana husikii joto njiani ila ukisimama tu kwenye taa jasho linakuja lote kwa pamoja. Kwa hiyo dakika tano za mwisho kabla ya kufika kwa watu punguza, jiachie, usifike umelowa.

FundiSpoku

Goti.

Kama linauma mbele kwenye pia ya goti, naweka dau siti iko chini. Wengi wanashusha siti ili wakisimama miguu yote miwili ikanyage chini vizuri, wanajisikia salama, kumbe goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko wa pedali. Kaa kwenye siti, shikilia ukuta, weka KISIGINO kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukinyooka hivyo, basi ukiendesha kwa ile sehemu pana ya wayo nyuma ya vidole, goti litabaki na mkunjo mdogo, hapo ndo penyewe. Nyonga ikiyumba huku na huku siti iko juu sana, na maumivu yakiwa nyuma ya goti ni hivyohivyo, shusha kidogo. Usipandishe yote kwa mkupuo, pandisha kidogo endesha, pandisha tena. Na angalia alama kwenye nguzo ya siti, kuna mstari wa mwisho, usiuzidishe, utavunja fremu. Siti ikishakaa sawa na bado linauma hata ukilipumzisha, hilo sio langu tena, muone daktari.

La pili kwenye goti ni gia. Kama baiskeli yako ina gia, acha kukanyaga gia nzito ukidhani ndo mazoezi. Miguu izunguke kwa wepesi, mara 60 mpaka 80 kwa dakika ni sawa kabisa kwa mtu wa mjini. Badilisha KABLA ya mlima, na kabla ya kusimama kwenye taa, maana gia za cheni za kawaida haziruki vizuri bila pedali kuzunguka, utakwama taa ikiwa kijani watu wanakupigia honi.

Cheni. Inalia kwa sababu imekauka, imekaa stoo miaka unategemea iimbe? Ifute kwanza na kitambaa mpaka weusi upungue, ndipo uweke oili ya cheni, tone moja kila kiungo, zungusha pedali kinyume dakika moja, kisha FUTA TENA. Watu wanaruka hapa. Oili inatakiwa iwe ndani ya viungo, ile ya nje kazi yake ni kukamata mchanga tu na mchanga ukichanganyika na oili unasaga meno.

Na kabla hujaipenda sana hiyo cheni ipime. Chukua rula, hesabu nafasi 24 kutoka katikati ya pini mpaka katikati ya pini, cheni mpya inatoa sentimita 30.5 hivi. Ikizidi kwa milimita moja na nusu badilisha cheni. Ikizidi kwa tatu andaa na hela ya meno ya nyuma, cheni iliyovutika inayala.

Upepo wa tairi, usiulize mtu, namba imeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kiwango cha chini na cha juu. Uzito wako mdogo kaa karibu na chini, mkubwa panda. Naona vijana wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe, eti linakimbia. Kwenye barabara ya viraka halikimbii, linarukaruka, na mgongo ndo unalipa. Matairi ya mpira mgumu yalikuwepo tayari, watu wakateseka nayo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1880 daktari wa mifugo wa Belfast anaitwa John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Sasa wewe umepewa upepo unaugeuza jiwe tena.

KilomitaKwanza

Fundi leo umeamka na hasira 😂 ila nimepima cheni yangu hapa na rula, imezidi milimita mbili. Daah.

Dada Mwendopole nimekusoma, lakini njia ile ile kila siku si ndo kama kwenda kazini? Tofauti iko wapi?

BiMwendopole

Tofauti iko kwamba ukienda kazini unataka ifike mwisho.

Halafu sio lazima iwe ile ile mpaka kufa. Chagua mzunguko, ufanye mpaka uanze kuona mabadiliko, ukishaona mabadiliko ndo utaelewa nasema nini. Ukuta uliopakwa rangi mpya na maandishi ya zamani yanachungulia kwa chini. Mbwa ambaye wote anawaacha ila baiskeli yenye keria linalogonga anaikimbiza. Mvua pia, kabla haijafika kwako unainusa, tone likigonga udongo mkavu linafunga vipovu vidogo vya hewa, vikipasuka vinarusha juu ile harufu ya bakteria wa udongoni, na upepo unaileta kabla ya mvua yenyewe. Mi nikiisikia kwenye kona fulani najua nina muda wa kufika kwenye paa la kwanza au sina. Huo ujuzi unatoka wapi kama njia ni mpya kila siku?

Ila sikatai ramani yako. Endelea kuijaza, sisi wengine tunasuguana na mstari mmoja.

DerevaMstaafu

Vijana wangu shikamooni kwa niaba yangu mwenyewe maana naona hakuna wa kunipa. Nimeendesha lori mjini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na sasa nimestaafu napanda baiskeli, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili. Mnaongelea bibi na bustani, vizuri, ila mtu akitazama sana bustani anaweza asirudi kuiona kesho, niruhusuni niseme machache.

Lori likikata kona usiwe ubavuni mwake. Usiwe. Hata kama kuna nafasi, hata kama taa ni nyekundu na lori limesimama, usijipenyeze kando yake ukasimama pale karibu na mlango wa abiria, mimi nikiwa juu kule sikuoni hata ukivaa nguo ya kuwaka, kioo hakifiki, na nikikata kona matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele, yanakata kwa ndani, yaani yanakuja pale pale uliposimama. Kipimo ni rahisi, kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake naye hakuoni. Baki nyuma. Lori linaenda, dakika haijaisha.

Magari yaliyoegeshwa, pita mbali nayo mita moja au zaidi, mlango unafunguka ghafla. Angalia kwa mbali kama kuna kichwa ndani ya gari, kama taa za breki zimezimika sasa hivi, huyo anashuka. Na nyie mkiwa ndani ya gari fungueni mlango kwa mkono ulio mbali na mlango, Waholanzi wanafundishwa hivyo, mwili unageuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma bila kukumbushwa.

Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndo mbaya kuliko mvua yenyewe, vumbi na oili ya barabarani vinachanganyika na maji vinakuwa utelezi. Mistari iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma, reli, vyote hivyo usivikanyagie kona wala breki. Reli ivuke ukiwa umenyooka, ukiivuka kwa mshazari tairi linaingia kwenye mfereji wake na wewe unabaki hewani.

Taa, nyeupe mbele nyekundu nyuma, na uziwashe kabla ya giza. Hilo la "narudi giza likianza kuingia" limenikera, hiyo ndo saa ambayo dereva anaona vibaya kuliko zote, si mchana si usiku. Na masikioni msiweke muziki. Mnasema mnatoka kusikiliza mji halafu mnaziba.

MzungukoWaJioni

Shikamoo mzee 🙏 hilo la giza nimelipokea, taa natafuta.

Fundi nimefanya kile cha kisigino, siti imepanda karibu upana wa vidole vinne aisee, mwanzo nilijiona niko juu ya mnazi ila mlima wa kurudi nyumbani leo nimeumaliza nimekaa. Goti bado linajikumbusha kidogo ila sio kama mwanzo. Cheni kimya. Sasa tatizo jipya, watu hawanisikii nikija, inabidi kengele.

ShangaziKona

Samahani naingilia uzi. Nawasoma tu toka jana na wivu umenishika. Mimi baiskeli sijui kabisa. Nyumbani tulipokuwa wadogo walifundishwa kaka zangu, sisi tukaambiwa tutaumia. Sasa hivi wanangu ni watu wazima na hakuna wa kuniambia kitu. Je nimechelewa? Na msinicheke, nani atanishikia siti nyuma huku anakimbia, kwa umri huu?

FundiSpoku

Shangazi shikamoo. Hujachelewa na hakuna wa kukushikia siti, hiyo njia ni mbovu hata kwa watoto. Anayekushikia ndo anayebalansi, wewe umekaa tu, akiachia unaanguka kwa sababu hujajifunza kitu.

Fanya hivi. Toa pedali zote mbili. Shusha siti mpaka nyayo zikanyage chini zote (ndiyo, nimemwambia Mzunguko apandishe, hii ni ya kujifunzia tu). Tafuta mahali pasawa penye mteremko mdogo sana, pasipo magari. Kaa, sukuma kwa miguu kama unatembea ukiwa umekaa. Kisha hatua ndefu. Kisha sukuma, inua miguu yote, uone inakwenda umbali gani kabla hujaikanyaga chini. Ukiweza kuteleza bila kukanyaga, ukashika breki taratibu na kukata kona ukiwa umeinua miguu, kuendesha unajua tayari, pedali ni nyongeza tu, rudisha.

Na sio mbinu ya kitoto. Mashine ya kwanza kabisa ya magurudumu mawili aliyoitoa Karl Drais kule Mannheim, Ujerumani, 1817, haikuwa na pedali. Watu wazima na makoti yao waliisukuma kwa miguu hivyohivyo. Baiskeli yenye cheni ya gurudumu la nyuma na magurudumu yanayokaribiana ukubwa, umbo la hizi zetu, ilikuja kushika soko na ile Rover ya John Kemp Starley ya 1885. Kwa hiyo unaanza pale walipoanza wao.

BiMwendopole

Shangazi yangu, naongezea kwenye alichosema Fundi. Macho mbele, mbali, usitazame gurudumu. Mwili unakwenda macho yanakotazama, ukiangalia shimo utaingia kwenye shimo.

Na usikakamae mikono. Baiskeli haisimami kwa sababu wewe umekaa wima kama nguzo, inasimama kwa sababu inapoanza kulala upande mmoja usukani unageukia upande huohuo, magurudumu yanarudi chini yako. Watu walidhani muda mrefu kwamba siri yote ni nguvu inayotokana na mzunguko wa magurudumu, mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft Uholanzi na Cornell Marekani wakatengeneza baiskeli ambayo nguvu hiyo imefutwa na bado ikisukumwa bila mtu ilikwenda wima yenyewe. Ikiwa na spidi kidogo inajisaidia, mwanafunzi akiwa na woga anakwenda polepole sana na hapo ndo inapokuwa ngumu. Kwa hiyo ule mteremko mdogo aliosema Fundi uamini.

KilomitaKwanza

Shangazi ungekuwa Bogotá kule Kolombia ungepata darasa bure, tangu 1974 wanafunga barabara kubwa kila Jumapili na sikukuu asubuhi mpaka saa nane mchana, zaidi ya kilomita 100, baiskeli na watembea kwa miguu tu. Sisi wengine tutafute kiwanja kitupu asubuhi Jumapili kabla magari hayajaamka. Mi nipo tayari kuja kukaa pembeni, sishiki siti.

ShangaziKona

Asanteni wanangu. Baiskeli ya kijana wangu ipo nyumbani haitumiki. Nimejaribu kutoa pedali sasa hivi, ya kulia imetoka, ya kushoto imegoma kabisa, nahisi imeshika kutu.

FundiSpoku

Haijashika kutu, unaikaza. Pedali ya kushoto uzi wake ni kinyume, imetengenezwa hivyo isijifungue ukiendesha. Kufungua izungushe kulia, kama saa inavyokwenda. Spana namba 15 na mpini mrefu, simama juu ya spana kama ni ngumu. Ukirudisha weka grisi kidogo kwenye uzi, na angalia herufi kwenye ekseli, L ni kushoto R ni kulia, ukizichanganya utaua mkono wa pedali na mwanao atanitafuta mimi.